Ardhi ya Viwanda na Makorongo ya Gusii: Tupimie Wapi?



Nina hoja moja. Mtu mwenye ploti ya viwanda inayopakana na korongo akija kwenye kaunti zetu mbili, Kisii au Nyamira, kuomba abadilishiwe matumizi ya ardhi, awe anataka kujenga hosteli, maduka au ghala, huo ndio wakati wa kulipima korongo na kulitenga. Na kipimo kianzie kwenye bega la mteremko, pale ardhi inapoanza kuinama, wala si kwenye maji.

Ardhi yetu ina umbo lake. Shamba la Mgusii ni ukanda mwembamba unaoanzia barabarani, juu kwenye mgongo wa kilima, na kuteremka hadi mtoni. Nyumba iko juu, chai na migomba katikati, nyasi za ng'ombe zinafuata, kisha mikaratusi na maji. Baba akigawia wanawe, hukata ukanda kwa urefu ili kila mmoja apate barabara na kila mmoja apate mto. Kwa hiyo bonde moja lina wenyewe mia, kila mmoja na hatimiliki yake, na hakuna anayeliona kuwa ni bonde. Kila mtu anaona mwisho wa shamba lake tu. Shamba hilo likigeuzwa ploti mjini, mazoea hayo huja nalo, na mwisho wa ploti ndipo takataka hutupwa.

Tazameni Nyakomisaro, kijito kinachokata mji wa Kisii. Ukisimama karibu na soko la Daraja Mbili mvua ikikatika, utaona maji mekundu yakibeba chupa, mabaki ya sokoni na utando wa oili. Kijito hicho kinaingia Riana, na Riana inaingia Gucha. Gucha yenyewe imetoka kwenye vilima vya Kiabonyoru kule Nyamira, ikavuka Kisii, ikashuka Migori ambako wenyeji huiita Kuja, na mwisho wake ni Ziwa Victoria. Anayemwaga oili Kisii hamwagii jirani mmoja.

Lakini mto unaonekana. Kinachoniumiza zaidi ni chemchemi. Wengi wenu mnazijua: ukuta mfupi wa saruji chini ya mteremko, bomba moja au mawili, sakafu ya mawe, na foleni ya mitungi ya njano tangu alfajiri. Familia nyingi sana za Kisii na Nyamira hunywa maji hayo. Ni mvua iliyoanguka huku juu kileleni, ikazama, ikashuka polepole ndani ya udongo, ikatokea pale chini. Ukifunika kilele chote kwa lami na saruji, mvua haizami tena, bali inaporomoka juu juu na kuuchimba mteremko. Ukichimba shimo la oili chafu nyuma ya gereji, kinachozama ni hiyo oili. Mwenye mtungi anayesubiri foleni hawezi kujua.

Sasa sheria inasemaje? Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006, zilizo chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinakataza ujenzi kando ya mto kwa umbali usiopungua mita 6 na usiozidi 30 kila upande, zikihesabiwa kutoka pale mafuriko makubwa kabisa yalipofika. Kijito chembamba, basi, hulindwa kwa zile mita 6. Kwenye tambarare ya Kano, mita 6 ni kitu. Kwetu, kwenye mteremko wa asilimia 50, ukienda mita 6 kutoka majini umepanda mita 3 tu. Bado uko tumboni mwa korongo. Jengo likiwekwa hapo limetii kanuni, na korongo limekufa.

Jambo la kushangaza ni kwamba mteremko wenyewe uliwahi kutambuliwa kisheria. Kanuni za kilimo za 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Mama mwenye jembe alizuiwa asiguse mahali ambapo leo tingatinga linaulizwa kwanza liko mita ngapi kutoka majini.

Nitasikia mtu akisema ardhi haitoshi. Ni kweli. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 958 kwa kila kilomita mraba Kisii, na 675 Nyamira. Vijana wanataka kazi, na mimi nataka viwanda. Hata mabonde haya yaliwahi kuwa mahali pa viwanda: kahawa ilipoingia Gusii katika miaka ya 1930, mitambo ya kumenyea ilijengwa karibu na mito kwa sababu kahawa haioshwi bila maji. Ghala la mbao au karakana ya vyuma haina haja hiyo. Inahitaji barabara na stima, na vyote viko juu.

Nyenzo ya kutekeleza ninayoyasema tunayo tayari. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kukubali ombi kwa masharti. Tumezoea kumwambia mwombaji aachie kipande cha mbele ili barabara ipanuliwe, naye huachia, sarveya akasogeza bikoni, mambo yakaendelea. Basi tumwambie aachie na cha nyuma. Kwa kuwa ploti zetu ni ndogo, haki itendeke: aruhusiwe kuongeza ghorofa upande wa juu, na kipande alichoachia kisitozwe ada ya ardhi.

Ila tuwe macho. Sheria hiyo hiyo inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huchukuliwa kuwa amekubaliwa. Na anayepinga uamuzi ana siku 14 tu za kukata rufaa. Wanaochota maji chini ya mteremko watajuaje, ikiwa tangazo limechapishwa gazetini kwa Kiingereza? Lisomwe kwenye baraza la chifu, kanisani na sokoni, kwa Ekegusii.

Nairobi ilingoja. Agosti 2018, South End Mall na Ukay Centre zilibomolewa kwa kuwa zilijengwa kwenye ardhi ya mito, baada ya watu kuwekeza, kupangisha na kuajiri. Bikoni moja kabla ya msingi ingetosha.

Maji hayajui mpaka wa kaunti, na Kisii na Nyamira zimewahi kumiliki pamoja kampuni moja ya maji, GWASCO. Kwa hiyo naomba mabunge yetu mawili yapitishe kipimo kimoja, na kazi ianzie Keroka, mji ambao mpaka unaupasua katikati. Masarveya wa pande zote mbili waende pamoja, watafute bega la kila mteremko nyuma ya ploti za viwanda, na waweke bikoni kabla ombi lolote jipya halijatiwa sahihi.