Sheria za Nchi Isiyo Ramanini



Swali la mhadhara huu ni hili. Kwa nini msomaji hukubali kukesha katika nchi ambayo anajua fika kuwa haipo? Na kwa nini nchi nyingine za kubuni, hata zikijaa majoka na majumba ya dhahabu, humchosha kabla hajamaliza sura ya kwanza?

Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo. Nchi ya kubuni husadikika inapokuwa na sheria zake, na sheria hizo zikawagharimu watu wake. Maajabu huvuta jicho, lakini gharama ndiyo inayomkalisha msomaji kitako.

Tuanzie hapa hapa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kila Mbukusu aliyemo humu amesimuliwa habari za Mango, aliyeliua joka la pangoni lililokuwa likiwamaliza watu na mifugo. Hayo ni mapokeo, wala simwambii mzee yeyote kuwa yamebuniwa. Ninachokitazama ni ufundi wa msimulizi. Hamalizi muda wake kulipamba joka kwa rangi na magamba. Anatuambia kuwa kichwa kilipokatwa kiliruka kikauma mti, na mti ukanyauka. Basi. Sumu tunaiamini kwa sababu ya mti ule, maana tumeona ilichofanya.

Kisha simulizi inadai malipo. Ushujaa wa Mango ulimfungulia njia ya kutahiriwa, na tangu hapo vijana wa Bukusu wamefungwa na sharti hilo. Mpaka leo, kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana hupiga kengele za chinyimba akiwaalika wajomba na shangazi, hupakwa matope alfajiri, kisha husimama wima mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Akitoka hapo ana rika lake katika mzunguko wa marika manane, kuanzia Kolongolo hadi Sawa. Simulizi yenye kalenda, ukoo na maumivu haina haja ya kumwomba mtu aiamini.

Tutoke kwenye mapokeo, twende kwenye kalamu. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, naye akiwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Nchi yake imo angani. Haelezi imeshikiliwa na nini, na sijapata kumsikia msomaji aliyelalamika. Sababu ni kwamba anatuingiza haraka mahakamani. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, na Majivuno ndiye anayemshtaki mbele ya mfalme. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja akalipwa kifungo.

Kuna watakaosema kuwa majina kama Majivuno yanamkumbusha msomaji kila mara kwamba anasoma fumbo. Ni kweli, yanamkumbusha. Lakini utaratibu wa nchi ile hauyumbi: mwenye kuleta jambo jipya anaadhibiwa. Mjumbe wa tatu anapoondoka, msomaji anaanza kumhofia, na anayemhofia mtu wa angani amekwisha kuwa raia wa huko angani.

Sasa nije kwa mwana wa nyumbani. Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia, na aliyetutoka Aprili 2020, alituachia mizani nzuri ya kupimia jambo hili, kwa kuwa alijenga dunia kwa njia mbili. Katika Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, Kongowea anatoka Tanga na kufika Kitale akimtafuta baba yake. Tanga ipo, Kitale ipo. Mwandishi anakopa imani ya msomaji kwa mji wenyewe, ila mkopo huo una riba: akikosea barabara moja, msomaji wa Kitale atamkamata.

Katika Kidagaa Kimemwozea aliacha ramani. Sokomoko na nchi ya Tomoko hazimo katika atlasi yoyote. Hapo hakuna wa kumsahihisha, na ndiyo maana kazi ni ngumu zaidi, kwani kila kitu lazima akilete mwenyewe. Analeta nini? Analeta Mto Kiberenge, ambao wenyeji hawanywi maji yake. Kisha anawaleta Amani na Imani, wageni wenye kiu, nao wanayanywa. Mwiko mmoja umevunjwa, na papo hapo tumejua mengi: kwamba mji huu una historia, una hofu, una wenyeji na wageni, na kwamba hawa wawili watautikisa. Tulipofika kwa Mtemi Nasaba Bora, tulikwisha kuhamia Sokomoko. Kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya kilikisoma kitabu hicho kwa ajili ya mtihani na bado kinauzungumzia mji ule kama jirani yao.

Mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, aliligusa suala hili katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 1939. Hakuridhika na dai la mshairi Coleridge la mwaka 1817 kwamba msomaji huamua kuweka shaka zake kando. Kwa Tolkien, mwandishi stadi hujenga dunia ya pili yenye kanuni zake, na yanayotokea humo ni kweli kwa kanuni hizo. Shaka ikizuka, usanii umeshindwa. Nakubaliana naye, na wazee wa Elgon walilijua hilo bila kuandika nadharia.

Vijana mnaoandika, mkibuni mji, msianze na jua lililochomoza na ndege waliotumbuiza. Insha zetu za shuleni zimelichosha jua hilo. Jiulizeni kwanza watu wa mji huo wanakula nini mahindi yakiwa bado shambani. Nani anamiliki kisima? Mkwe anakaa wapi akija? Maiti huzikwa siku gani, na nani analisha waombolezaji? Kama yupo mchawi anayepaa, kupaa kwake kunamgharimu nini? Asiyelipa chochote atatatua kila shida, na hadithi itakufa mikononi mwenu. Mkishapata majibu kumi, andikeni mawili. Manane yaliyobaki yatawazuia kujipinga, na msomaji atayahisi bila kuyaona.

Nanyi walimu, nawaomba mbadili namna ya kusahihisha. Mwanafunzi akiwaletea nchi ya ajabu, msimpe alama kwa wingi wa tamathali na methali alizozipanga. Mwulizeni swali moja: sheria ya nchi hii ni ipi, na nani anaumia ikivunjwa? Akiwa na jibu, mpeni karatasi zaidi aendelee. Asipokuwa nalo, mrudishieni insha yake akalitafute.