MAZUNGUMZO NA WANAUME JUU YA TEZI DUME

(Yalisomwa mbele ya wanachama siku ya kupima majani ya chai. Tunayabandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani.)



Leo hatusemi habari ya mbolea wala ya bei. Tunasema habari ya wanaume. Akina mama msiondoke, maana nyie ndio mnaojua baba watoto ameamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa.

Tumemzika mwenzetu mmoja, hatumtaji jina. Mkojo ulimsumbua miaka miwili, akasema ni uzee. Mgongo ukaanza kuuma, akasema ni mizigo ya ndizi, akachuliwa mafuta. Siku alipoteremshwa Korogwe alikuwa hawezi kukojoa kabisa, na saratani ilikwisha ingia mifupani. Sisi sote tulimwona anachechemea, tukanyamaza. Kosa hilo ni letu.

Tezi dume kila mwanamume anayo. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Mtu akizeeka huvimba, ukabana mrija. Uvimbe huo mara nyingi si saratani, na una dawa. Lakini saratani nayo hukaa hapo hapo, na mwanzoni haina dalili yoyote. Ndiyo sababu ya kusema: usingoje maumivu.

Basi aliyefika miaka 50 aende akaongee na mganga wa hospitali. Mwenye baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani hii aanze miaka 45, maana huandama ukoo. Na ukiona mkojo unakatikakatika, au unatoka na damu, nenda mara moja, umri wowote.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni damu kidogo ya mkononi, kipimo kiitwacho PSA. Damu ikionyesha namba kubwa usilie, huenda ni uvimbe tu au maambukizo. Daktari ataendelea kuchunguza. Cha pili ni kidole cha daktari, njia ya nyuma. Tunajua hapa ndipo mnapocheka, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. Jamani, ni dakika moja, daktari amevaa mpira, na uanaume wako unarudi nao nyumbani. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Mnamkumbuka Rais Jakaya Kikwete. Novemba 2014, akiwa bado Rais, alipasuliwa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani. Aliporudi hakuficha. Aliwaambia wananchi kuwa ni saratani iliyogunduliwa mapema, akawahimiza watu kupima afya. Mzee Mandela naye aligunduliwa mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, akaishi mpaka 2013. Kama Rais alisema, sisi wa Vugiri tunamwonea nani aibu?

Mtauliza, tuende wapi? Anzeni zahanati, mtaelekezwa. Chini yetu pana Magunga, Korogwe. Mbele yake Bombo, Tanga. Na KCMC, Moshi. Saratani ikithibitishwa, mionzi ipo Ocean Road, Dar es Salaam. Ulizeni gharama kabla ya kupanda gari.

Wazee mnaikumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulikaa vikundi kusikiliza redio, kisha tukachimba vyoo pamoja. Basi hata hili tulifanye pamoja. Kamati inaleta maneno mawili kwenye mkutano mkuu:

1. Ushirika utenge nauli ya kumkopesha mwanachama anayekwenda kupima, akatwe kidogo kidogo kwenye majani yake.
2. Wanaume waende kwa kikundi, wazee wa kamati watangulie.

Sisi wanakamati tuliovuka miaka 50 tumekwisha andika majina yetu. Karatasi iko kwa katibu. Njooni muandike na yenu.

Kamati ya Afya ya Ushirika, Vugiri.