Vaa Kabla ya Kitonga

Msikilizaji unayekwenda Njombe kwa pikipiki msimu huu wa kipupwe, nisikilize. Ruaha Mbuyuni utapita unatoka jasho. Jua kali, vitunguu kando ya barabara, koti umelifunga nyuma ya siti. Kisha unapanda mlima wa Kitonga, na hali inageuka. Ukifika Mafinga ni upepo, ukungu, pengine manyunyu.

Mwendo wako wenyewe huongeza upepo, na upepo huupokonya mwili joto. Vidole ndivyo hutangulia. Vikifa ganzi, breki unaiminya kwa kuchelewa.

Basi vaa kabla ya Kitonga. Simama chini ya mlima, nje kabisa ya barabara. Vaa sweta, koti lisilopitisha upepo, na glavu. Huna koti zito? Kunja gazeti, liweke kifuani ndani ya shati. Linasaidia kweli.

Nasema tena, ndugu yangu: vaa kabla ya Kitonga, ungali na joto.

Ukianza kutetemeka, au ukashindwa kufunga kifungo, usiendelee. Ingia mgahawani, agiza chai ya moto, kumbatia kikombe kwa viganja mpaka vidole vikutii. Na abiria wako muulize: vidole vyako vinakunjika?