Bustani ya Shule Iwe Darasa, Isiwe Kibarua



Tumezoea kukutana kwa maneno ya mshahara, ya nyumba na ya saa za kazi. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya kazi ya wengine wasio na chama wala kadi. Hao ni watoto wetu walio katika shule za msingi, na kazi yenyewe ni bustani wanazolima huko.

Sisi tuliosoma katika shule ya misheni twaijua bustani hiyo. Aliyechelewa kengele alipelekwa bustanini. Aliyekosa hesabu alipelekwa bustanini. Siku ya Ijumaa tulichota maji mtoni kwa madebe, tukapalilia kabichi, na kabichi zilipokomaa zikaenda jikoni kwa wakubwa. Hatukuambiwa kwa nini mstari huu uwe mbali na ule, wala kwa nini samadi mbichi huunguza mche. Tulijifunza neno moja tu, kwamba jembe ni la mkosaji. Basi tulipopata kazi ya Reli wengi wetu tulifurahi kuliacha.

Jambo hili lina mizizi ya zamani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, na taarifa yake ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijijini, kilimo na kazi za mikono. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, kufundisha walimu wa kazi hiyo. Yalikuwamo mambo mema, lakini wazazi wengi walishuku, nao walikuwa na sababu. Waliona mtoto wa Mzungu akipewa kitabu cha kumpeleka ofisini, na wao wakaogopa kwamba mtoto wao atapewa jembe peke yake. Kosa halikuwa la jembe. Kosa ni kuliweka jembe mahali pa kitabu, wakati vyote viwili vingeweza kukaa pamoja.

Sasa sikieni yaliyompata mmoja wetu. Jioni alirudi kutoka karakana, akamkuta mtoto wake amekaa mlangoni na mche wa maharagwe uliong'olewa pamoja na mizizi. Mtoto akamwuliza, "Baba, hivi vinundu ni nini?" Mwenzetu alitazama. Alikuwa amepalilia maharagwe tangu utoto wake, na hakuwa na jibu. Mtoto akakipasua kinundu kimoja kwa ukucha, ndani kikawa chekundu-chekundu. Akaeleza kwamba humo mnakaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Mizizi na majani yakiachwa yaoze shambani, mahindi ya msimu ujao hufaidika. Mwenzetu alituambia kwamba aliona haya kidogo, kisha akafurahi sana.

Ndugu zetu, hilo ndilo somo. Nasi wa Reli tusishangae, maana hatukufundishwa kazi yetu ubaoni peke yake. Mwanagenzi hushika spana, akakosea, akaonyeshwa, akarudia. Lakini asipoambiwa sababu ya kile anachokaza, si mwanagenzi tena, ni mchukuzi wa vyombo.

Tazameni hesabu iliyomo katika kipande kidogo cha ardhi. Urefu meta 6, upana meta 3. Mahindi yapandwe mstari hadi mstari sentimeta 75, na shimo hadi shimo sentimeta 30. Mtoto agawanye, atapata mistari 4 yenye mashimo 20, jumla 80. Asiyejua meta moja ni kiasi gani, mpelekeni aone njia yetu ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, maana nafasi kati ya reli zake mbili ni meta moja kamili. Tena apande mbegu 10 katika kopo na kuhesabu zilizoota. Atie udongo na maji katika chupa, atikise, aone mchanga ukitangulia kutua chini na udongo wa mfinyanzi ukichelewa. Haya hayahitaji fedha.

Wako watakaosema, "Mimi nataka mwanangu awe karani au injinia, jembe la nini?" Twajibu kwamba kupima, kuandika na kungoja matokeo ndiyo kazi ya injinia pia.

Wengine watasema mjini hatuna ardhi. Ni kweli, lakini gunia moja lililojazwa udongo na samadi iliyooza, likawekewa mawe katikati ya kupitishia maji, huotesha sukuma wiki juu na ubavuni. Ila udongo usichukuliwe kando ya njia ya reli. Sisi twajua mafuta na dawa ya magugu inayomwagwa huko.

Nchi yetu imelijua neno hili kwa muda mrefu. Vyama vya 4-K vilianza shuleni mwaka 1962, na jina lao ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mwaka 2021 Serikali ilivifufua. Mtaala wa umilisi ulioenea nchini kuanzia mwaka 2019 nao uliweka kilimo katika masomo ya darasa la 4 hadi la 6. Lakini karatasi hailindi mtoto kama mzazi amelala. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto alindwe na kazi ya kunyonywa. Tukiwa chama cha wafanya kazi, hatuwezi kupigania jasho letu na kusahau jasho la watoto.

Kwa hiyo kila mwanachama aende katika mkutano wa wazazi, aulize haya. Kwanza, bustani isiwe adhabu ya mtu yeyote. Pili, kila mtoto awe na daftari lake la bustani, la tarehe, vipimo na mvua. Tatu, wavulana na wasichana wabadilishane jembe na ndoo, wasichana wasiwe wachota maji tu. Nne, dawa ya wadudu isishikwe na mtoto. Tano, mazao yapimwe, na hesabu yake isomwe mbele ya wazazi: kilo ngapi zilivunwa, ngapi zililiwa na watoto, ngapi ziliuzwa, na fedha ziko wapi.

Mwalimu mwema hatachukia maswali haya. Yatamsaidia, maana naye hana vyombo, na sisi twaweza kutoa siku moja ya mapumziko kwenda kutia mipini katika majembe.

Sisi tulitoka bustanini na malengelenge mikononi, bila neno kichwani. Watoto wetu wakitoka na malengelenge, na watoke pia na jibu. Na kile walichopanda, wakionje.