Kuvu wa Kheri Kitaluni mwa Miwa

Mkulima wa miwa wa bonde la Kilombero, na kadhalika yule wa Mtibwa, aghalabu akisikia habari za kuvu moyo humwenda mbio, kwa kuwa aliyemzoea ni fugwe, maradhi yatoayo kileleni mwa muwa ufito mrefu mweusi kama mjeledi. Wala hofu hiyo si ya bure. Walakini wako kuvu wengine wanaokaa ndani ya mizizi ya mimea iliyo mingi duniani, muwa ukiwamo, na kuinufaisha.

Fosforasi, ambayo mche huihitaji mno uanzapo kutoa mizizi, haisafiri upesi ardhini, bali hung'ang'ania chembe za udongo, hasa udongo mwekundu, hata mzizi ukaimaliza ile iliyo karibu nao na kubaki na njaa, ilhali nyingine ipo umbali wa vidole viwili tu. Hapo ndipo nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, hupenya na kuileta. Na ujira wao, ambao muwa unao tele, ni sukari. Uking'oa mche na kuuosha huoni kitu. Sharti mzizi utiwe rangi na kutazamwa kwa hadubini, ndipo vidhihirike vijitawi vyao vilivyogawanyika mara kwa mara ndani ya chembe hai za mzizi.

Rai yangu yahusu kitalu. Udongo uliochomwa ili kuua vijidudu huwapoteza na wasaidizi hawa. Miche ya maabara hutoka chupani bila ya hata mmoja. Na mbolea ya fosfeti ikizidi, mche huacha kuwakaribisha. Maadamu hawazaliani ghairi ya mzizi ulio hai, wataalamu huwakuza katika vyungu vya mtama au mahindi, kisha udongo ule pamoja na vipande vya mizizi hutiwa kidogo chini ya jicho la pingili siku ya kupandwa, ili mzizi mchanga uwapitie. Kitaluni hutosha kiasi ambacho shambani kingepotea.

Kuvu hawa hawaumbi fosforasi isiyokuwapo, na penye kuvu wa asili wengi huenda faida isionekane. Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla hujatoa fedha kununua pakiti za kuvu za kitalu kizima, otesha safu mbili sambamba, maji mamoja na samadi moja, safu ya kwanza na kuvu na ya pili bila, kisha uzipime mwenyewe.