Kuzuru Ujiji Mvua za Kwanza Zianzapo
Wasikilizaji wetu, mvua za kwanza zianzapo Kigoma, vumbi hutulia, na miembe hujaa matunda. Wakati huo yafaa twende Ujiji.

Kwanza tulitazame jiwe la ukumbusho, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Lakini tusiishie hapo. Tupite chini ya miembe, katika njia ya misafara iliyokwenda Bagamoyo. Hapo walipita wapagazi wenye pembe za ndovu, na watumwa waliovushwa ziwa kutoka Kongo. Majina yao hayakuchongwa katika jiwe hilo.

Kisha tushuke ufukoni, palipoanikwa dagaa, tuketi na wazee, tuwaulize walivyosimuliwa na babu zao. Tukirudi jioni, tuwasimulie watoto, habari hizo zisipotee.