Chupa ya Kyumbi Inalipiwa na Nani?

Chupa ya maji ikirushwa kutoka kwa matatu hapa kwenye makutano, kaunti huiokota kwa kodi yenu. Ujerumani ilibadilisha hesabu hiyo mwaka 1991: anayeuza bidhaa agharamie pia kukusanya na kuchakata vifungashio vyake. Kenya imefuata, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni za 2024. Ni kweli, mzalishaji anaweza kuiongeza gharama hiyo kwenye bei ya dukani. Hata hivyo, chupa iliyochanganyika na mabaki ya sukuma wiki haina mnunuzi. Sheria inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Ndoo mbili nyumbani zinatosha kuanza.